Hakuna anayezaa kwa ajili ya TASAF

Nimeulizwa tena wiki hii, na aliyeuliza ni mtu msomi: hizi fedha za TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, si ndizo zinazofanya wanawake vijijini wazae mfululizo? Nimefanya uhakiki wa kaya, yaani kukagua kama bado zinastahili kulipwa, kwa miaka mingi, na jibu langu huanzia kwenye orodha ya malipo.

Chukua viwango vya kipindi cha kwanza cha Awamu ya Tatu ya TASAF, kilichozinduliwa 2012. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya. Kaya yenye watoto chini ya miaka 18 iliongezewa 4,000, awe mmoja au wawe sita. Ruzuku ya kuhudhuria kliniki kwa watoto walio chini ya miaka mitano nayo ilikuwa 4,000, vilevile kwa kaya nzima. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miaka mitatu akijifungua mwingine, malipo yanayofuata yanamkuta na kiasi kilekile. Hata senti haiongezeki! Kilichohesabiwa kwa kila mtoto ni mahudhurio ya shule: 2,000 kwa wa msingi, tena wasizidi wanne, na sekondari zaidi. Nani atabeba mimba leo ili alipwe 2,000 mtoto akifika darasa la kwanza?

Zambia walilipima jambo hili kwenye ruzuku yao ya watoto wadogo, uzazi haukuongezeka. Kenya, ruzuku ya kaya zenye yatima ilipunguza mimba za mapema kwa wasichana.

Na wanaosema ruzuku inaleta uvivu je? Hukohuko Zambia, waliolipwa walipunguza kwenda vibarua kwa wengine, wakalima zaidi mashamba yao. Anayelalamika mara nyingi ni yule aliyezoea kupaliliwa kwa bei ya kutupa.

Kinachonisumbua ni kingine. Uhakiki ukikaribia, mbuzi huhamishwa. Nimekuta zizi lina samadi mbichi na mwenye nyumba anaapa hafugi. Wanyama wako kwa shemeji, maana akionekana amepiga hatua ataondolewa. Wapo pia wajukuu wanaoandikwa kwa bibi, na hapo siwezi kusema kwa uhakika ni ruzuku iliyowaleta, kwa sababu bibi wengi walikuwa wanawalea tangu zamani. Lakini mbuzi sina shaka nao. Ndiyo maana nasisitiza kaya inayohitimu, yaani iliyopiga hatua na inapaswa kuondolewa, iendelee kulipwa walau mwaka mmoja, huku kiasi kikipungua taratibu.