Je, wajua kwa nini tairi lenye meno makubwa zaidi silo linalofaa zaidi porini?

Mtu anayeingia dukani kutafuta tairi la Land Cruiser au Land Rover yake kwa kawaida huvutwa na lile lenye kashata nene na mifereji mipana, kwa kuwa linaonekana kama linaweza kupita popote. Hata hivyo, ukiyakagua magari yanayopeleka watalii Serengeti na Ngorongoro, utakuta mengi yamefungwa matairi yenye kashata za wastani, yaliyoandikwa A/T ubavuni, yaani matairi ya ardhi zote. Wenye magari hayo hupita porini mwaka mzima, kwa hiyo uchaguzi wao una sababu, na sababu hiyo huonekana vizuri ukiifuata njia yao kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti.

Kutoka Arusha kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, gari hukimbia juu ya lami. Kwa miaka mingi lami hiyo imekuwa ikiishia kwenye lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na kuanzia hapo barabara hupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro juu ya udongo mwekundu ambao mvua na ukungu huufanya uteleze kama sabuni. Ukishavuka ukingo, huteremka kuelekea Oldupai na Naabi juu ya changarawe na mawe, penye makunyanzi yanayotikisa gari hadi boliti hulegea. Mbele zaidi, pande za Seronera, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika hugeuka ulimbo. Tairi moja linatakiwa kuzimudu ardhi zote hizo katika siku moja.

Ugumu unatokana na kwamba lami na tope hudai mambo yanayopingana. Juu ya lami, tairi hushika kwa mpira unaogusa barabara, na kadiri mpira unaogusa ulivyo mwingi ndivyo gari linavyosimama upesi na kukata kona kwa utulivu. Ndani ya tope, tairi hushika kwa kuchimba na kusukuma, kwa hiyo linahitaji kashata zilizoachana na mifereji mipana ya kutolea udongo. Tairi la tope, lenye herufi M/T, limejengwa kwa kazi hiyo ya pili, na ndiyo maana juu ya lami huvuma, huisha mapema, na breki zake kwenye lami iliyolowa huchelewa. Tairi la A/T hukaa katikati: mifereji yake ina upana wa kutosha kwa vumbi na changarawe, na juu ya kila kashata kumechongwa vipasuo vyembamba kama alama za wembe, ambavyo huyakata maji ili mpira uifikie barabara. Anayefikiria safari yake kwa kuhesabu kilomita atagundua kwamba sehemu kubwa hupita juu ya lami na changarawe, na sehemu ndogo tu juu ya tope.

Ni lazima nikiri kwamba katika udongo mweusi tairi la A/T huzidiwa. Udongo huo una chembe ndogo sana zinazovimba zikinywa maji, na ukinata hauachi. Shuka garini baada ya mita hamsini tu za udongo uliolowa na utazame gurudumu: mifereji haionekani tena, imezibwa pomoni, na tairi lililokuwa na meno limekuwa duara jeusi, laini, linalong'aa. Kuanzia hapo linateleza sawasawa na tairi kipara. Tairi la M/T hujitahidi zaidi kwa sababu linapozunguka kwa kasi hurusha bonge la udongo nje ya mifereji yake mipana. Kwa hiyo mtu anayeishi au kufanya kazi kwenye udongo wa namna hiyo, na ambaye lami huiona kwa nadra, ana haki ya kulichagua. Ninayemwonea huruma ni yule anayelinunua kwa sura yake, kisha akaendesha mjini kila siku.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni ubavu wa tairi. Mwiba wa mgunga au jiwe lenye makali likitoboa kashata, fundi ataziba pancha na safari itaendelea, lakini ubavu ukichanika tairi hilo halizibiki kwa usalama. Kwa sababu hiyo, kwenye mawe, uimara wa ubavu una uzito kuliko ukubwa wa meno. Tafuta herufi LT kabla ya vipimo, ambazo huonyesha tairi la gari la mizigo midogo, na soma namba ya uwezo wa kubeba: 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na 121 ni kilo 1,450. Gari lenye abiria saba, mizigo, maji na matangi ya mafuta ya akiba linaihitaji tofauti hiyo.

Vipimo navyo visomwe kwa makini. Katika 265/70R16, upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Ukihamia 285/75R16, kipenyo huongezeka kwa takribani asilimia 7, hivyo spidomita ikionyesha 80 gari huwa linakwenda karibu 86, na injini hupata kazi nzito zaidi mlimani. Upana nao si faida kila mahali: tairi jembamba la 7.50R16, ambalo magari mengi ya kazi yamelitumia kwa miongo, hukata tope la juu na kuifikia ardhi ngumu iliyo chini.

Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Tairi likishafungwa, upepo ndio unaokamilisha kazi, kwa kuwa ukiupunguza kutoka psi 35 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) hadi karibu 20 kabla ya kuingia kwenye mchanga, tairi hujilaza, sehemu yake inayogusa ardhi hurefuka, na uzito wa gari husambaa badala ya kuzama. Ila likiwa hivyo liendeshwe polepole, kwa sababu ubavu unaojikunja kwa kasi hupata joto hadi ukapasuka. Anayerudi Arusha na apime na kujaza upepo pale pale lami inapoanza, kabla ya kukanyaga mafuta.