Moyo wa kitambaa kutoka Auschwitz, na mengine tunayoyaelewa vibaya

"Kama walipata nafasi ya kudarizi na kuchora, basi hali haikuwa mbaya kiasi hicho." Kati ya dhana zote kuhusu vitu vilivyotengenezwa na wafungwa wa Wanazi, hii ndiyo inayoniudhi zaidi.

Tazama alichopewa Fania Fainer. Desemba 12, 1944 alitimiza miaka 20 akiwa Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi huko Polandi, mfanyakazi wa lazima katika kiwanda cha silaha. Rafiki yake Zlatka akamtengenezea kijitabu kidogo chenye umbo la moyo, jalada lake kitambaa cha zambarau kilichodariziwa herufi F. Gundi ilikuwa mkate uliolowekwa maji. Karatasi na mkasi vilipatikana kwa kubadilishana na mkate, na hapo aliyekosa mkate wa leo huenda kesho asinyanyuke. Wenzao wakaandika ndani salamu zao, kila mmoja kwa lugha yake.

Wala haukuwa wakati wa utulivu. Baruti iliyotumika katika uasi wa wafungwa wa Oktoba 7 mwaka huohuo ilitoroshwa na wanawake wa kiwanda hichohicho, na wanawake wanne waliohusika walinyongwa Januari 1945. Fania aliuficha moyo ule kwapani waliposwagwa kwa miguu kutoka kambini. Leo uko makumbusho ya Montreal, Kanada.

Dhana nyingine: watoto walichora vitisho tu. Ukweli ni kwamba katika geto la Theresienstadt, mji wa Chekoslovakia ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwalimu Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora, na kwenye michoro yao utakuta maua, vipepeo na nyumba walizozizoea. Michoro kama 4,500 ilisalimika ndani ya masanduku mawili. Mwalimu mwenyewe alipelekwa Auschwitz Oktoba 1944 akauawa.

Dhana ya tatu huletwa na watu wenye nia njema: kwamba kila kilichotoka mikononi mwa mfungwa kilikuwa ukaidi. La hasha. Vingine viliagizwa na SS wenyewe, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi hizo. Lile bango la chuma kwenye lango la Auschwitz, lisemalo kwa Kijerumani kwamba kazi huleta uhuru, lilifuliwa na wafungwa chini ya Jan Liwacz, mhunzi wa Kipolandi (si Myahudi, maana wapo wanaodhani kambi hiyo ilifunga Wayahudi peke yao). Herufi B imepinduliwa, tumbo kubwa likakaa juu. Wafungwa wa zamani walisimulia kwamba hiyo ilikuwa dharau ya makusudi. Amri na ukaidi katika chuma kimoja, basi.

Na msidhani aliyetengeneza ndiye aliyerudishiwa. Dina Gottliebová, mwanafunzi wa sanaa kutoka Chekoslovakia, aliamriwa na Josef Mengele, daktari wa SS hapo Auschwitz, kuwachora wafungwa wa jamii ya Waroma (wanaoitwa pia Wajipsi), kwa sababu kamera haikumpa rangi ya ngozi aliyoitaka. Dina akadai mama yake naye aachwe hai. Wote wawili wakapona. Miaka ya 1970 makumbusho ya Auschwitz ilimjulisha kwamba picha zake zipo, akasafiri kwenda kuziona, akaziomba. Saba. Makumbusho ikakataa, ikisema ni ushahidi wa historia. Nikiri kwamba naelewa hoja yao, lakini moyo wangu uko kwa Dina: rangi zile ndizo zilizomlipia uhai. Alifariki Marekani mwaka 2009, picha zikiwa bado Polandi.