Baada ya sefti, aliyefungwa ndiye anayepiga

Kwenye soka, ukifungwa goli mpira unarudishwa katikati na wewe ndiye unayeanza. Ni kama kupewa pole. Futiboli ya Kimarekani nayo ina pole yake, ila inapitia mlango wa nyuma: aliyefunga tachidauni (kuufikisha mpira kwenye eneo la goli la mpinzani) au fildigoli (kuupiga mpira upite kati ya nguzo) anaupiga mpira mbali, aliyefungwa anaupokea na kuanza kushambulia. Zipo pointi za aina moja tu zinazovuruga utaratibu huo, nazo ni zile 2 za sefti. Mara nyingi sefti hutokea pale mwenye mpira anapoangushwa, au anapotoka nje, ndani ya eneo la goli lake mwenyewe. Mpinzani anapata pointi 2, halafu timu hiyohiyo ya aliyeangushwa ndiyo inayoupiga mpira kumpelekea. Umelambwa kofi, na bado unaambiwa umfungulie mlango aliyekupiga.

Natengeneza mchezo wa kuigiza futiboli kwenye kompyuta. Hauna picha, ni maandishi matupu, timu mbili za namba zinapambana na mwisho matokeo yanatoka. Sefti ni tukio adimu, ndiyo maana makosa yangu kuhusu pigo linaloifuata yalijificha kwa muda mrefu. Unaendesha mechi, zinaisha salama, unajisifu. Siku inatokea sefti, unasoma maandishi yaliyotoka na kujiuliza ni nani alikuwa na akili timamu wakati wa kuandika msimbo huu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kitoto. Niliandika kanuni moja kwamba baada ya pointi yoyote, aliyefunga ndiye apige. Nilipoendesha mwanzo wa Super Bowl (fainali ya NFL, ligi kuu ya Marekani) ya Februari 2, 2014 kati ya Seattle na Denver, ile ambayo mpira wa kwanza kabisa ulimpita Peyton Manning wa Denver na mwenzake Knowshon Moreno akaulalia ndani ya eneo lao, programu yangu iliwapa Seattle pointi 2 kisha ikawaambia Seattle wapige. Uhalisia ulikuwa kinyume. Denver ndio waliopiga, Seattle wakapokea na kuongeza fildigoli, ikawa 5-0 kabla Denver hawajacheza jaribio la pili. Ile mechi iliisha 43-8. Sefti haikuigharimu Denver pointi 2 peke yake, iliigharimu na zamu nzima ya kushambulia. Nikarekebisha mstari mmoja, nikaenda kulala.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike haya. Sheria inasema pigo la baada ya sefti linapigwa kutoka yadi ya 20 ya mpigaji, yaani yadi 20 mbele ya mstari wa goli lake, na kuna njia tatu: kuuweka mpira chini, kuudondosha na kuupiga unapodunda, au kupiga panti, yaani kuuachia kutoka mikononi na kuupiga kabla haujagusa ardhi. Pigo la kawaida la kuanzisha halipigwi kwa panti hata siku moja. Baada ya sefti panti inaruhusiwa, na kwa kuwa NFL kwa miaka mingi ilikataza kile kistendi kidogo cha kusimamishia mpira kwenye pigo hili, karibu kila timu ilichagua panti.

Basi nikaona njia ya mkato. Tayari nilikuwa na funksheni ya panti, ile ya jaribio la nne (timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na la mwisho mara nyingi huupiga mpira mbali). Nikaiita hiyohiyo, nikabadilisha mahali pa kupigia tu. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa.

Kisha kwenye mechi moja ya majaribio mpira ukatua yadi ya 30 ya wapokeaji, hakuna aliyeugusa, ukadunda, mchezaji wa timu iliyopiga akaulalia. Programu ikawapa mpira wapokeaji. Kwa panti ya jaribio la nne hilo ni sahihi kabisa: wapigaji wakiuwahi mpira ambao mpinzani hajaugusa, mpira unakufa hapo na unabaki wa mpinzani. Lakini baada ya sefti hii si panti ya namna hiyo hata kama mguu umeupiga vilevile. Ni pigo huru, ndugu wa damu wa pigo la kuanzisha. (Msifikirie friikiki ya soka, majina tu yanafanana.) Mpira ukishavuka yadi 10 ni wa atakayeuwahi. Wapigaji wakiulalia ni wao, ingawa hawaruhusiwi kukimbia nao. Mpokeaji anayeuangalia ukidunda kama anavyozoea kuiangalia panti anafanya kosa kubwa, na wachezaji wangu wa namba walikuwa wanafanya kosa hilo kila mara kwa sababu niliwafundisha mimi.

Nikatenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevifunga kamba moja: namna mpira unavyopigwa, na haki inayofuata baada ya pigo. Panti ni namna. Pigo huru ni haki. Baada ya hapo mambo mengine yalianza kujipanga yenyewe. Hakuna mpira wa kurushwa nyuma kati ya miguu, kwa hiyo hakuna wa kumkimbilia mpigaji na hakuna pigo la kuzuiwa. Nafasi ya kuzuiwa nikaiweka sifuri. Mpira ukitoka nje bila kuguswa, mpigaji anaadhibiwa: kwenye vyuo wapokeaji wanaweza kuanzia yadi 30 mbele ya pale ulipopigwa, yaani katikati ya uwanja. Panti ya kawaida ikitoka nje haina adhabu, tena mara nyingi ndicho kinachotafutwa. Na saa haianzi kukimbia mpaka mpira uguswe uwanjani; mimi nilikuwa naianzisha mguu unapogusa mpira.

Umbali nao ulinidanganya. Takwimu za panti huhesabiwa kutoka mstari wa kuanzia jaribio, wakati mpigaji mwenyewe amesimama zaidi ya yadi 10 nyuma yake. Panti iliyoandikwa yadi 45 imeruka karibu 60. Baada ya sefti mpigaji anapiga kwenye mstari wenyewe, kwa hiyo zile yadi zilizofichwa zinaonekana.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini kocha mwenye akili anaweza kujitoa sefti makusudi. Novemba 2003 huko Denver, Patriots wa kocha Bill Belichick walikuwa nyuma 24-23, zimebaki chini ya dakika 3, mpira uko yadi 1 kutoka kwenye goli lao. Lonie Paxton wa Patriots akaurusha nyuma makusudi hadi ukagonga nguzo ya goli. Ikawa 26-23. Mwenzake Ken Walter akapiga akiwa huru, mpira ukaenda hadi karibu na yadi ya 15 ya Denver. Denver wakakwama, Patriots wakarudishiwa mpira, Tom Brady akampata David Givens kwa pasi ya tachidauni, 30-26. Walinunua yadi kwa pointi 2. Bei haikuwa ndogo: fildigoli ambayo ingewapa ushindi sasa ingeleta sare tu.

Ravens kwenye Super Bowl ya Februari 2013 walinunua sekunde. Wakiongoza 34-29, zimebaki sekunde 12, mpigaji wao Sam Koch alizunguka na mpira ndani ya eneo lake huku wenzake wakiwashika wapinzani bila aibu, akatoka nje zikiwa 4. Kuwashika kulikuwa bure, maana adhabu yake ndani ya eneo hilo ni sefti ileile. Koch akapiga panti, Ted Ginn Jr. wa wapinzani akakimbia nayo mpaka saa ikaisha, 34-31. Kocha wangu wa kompyuta sasa analijua hesabu hilo, ingawa bado analitumia kwa pupa. Juzi kajitoa sefti akiwa mbele kwa pointi 2.

Limebaki jambo moja. Kwenye Fiesta Bowl, mechi ya vyuo, ya Januari 2013 Oregon walifunga tachidauni, pigo lao la nyongeza (la pointi 1 baada ya tachidauni) likazuiwa, mchezaji wa Kansas State akauokota mpira, akarudi nao ndani ya eneo lake na kuangushwa humo. Hiyo ni sefti ya pointi 1, na baada yake hakuna yadi ya 20 wala panti: Oregon walipiga pigo la kawaida la kuanzisha, kwa sababu kilichohesabika ni ile tachidauni. Programu yangu iliwapa Oregon pointi 2, ikawapeleka Kansas State yadi ya 20, kisha ikasimama yenyewe katikati ya mechi, nadhani kwa aibu.