Uzamivu una umri wake?

Kisumu na Nakuru utasikia walimu wengi wakisema kwamba ukishavuka miaka 45, mlango wa shahada ya uzamivu (PhD) umefungwa. Hawajalibuni tu. Wengi wameona tangazo lenye kikomo cha umri kwa macho yao.

Ila tangazo hilo mara nyingi huwa la ufadhili. Baadhi ya wafadhili huweka kikomo, na sharti lao likaja kuonekana kama la chuo. Kwa kawaida chuo hutaka shahada ya uzamili (masters), pendekezo la utafiti na msimamizi wa fani unayotaka kusomea. Tarehe ya kuzaliwa utaijaza kwenye fomu, sawa na jinsi unavyojaza kaunti yako.

Kuhakiki si kazi kubwa. Fungua tovuti ya chuo, tafuta kanuni za masomo ya uzamili na uzamivu, usome sifa za kujiunga hadi nukta ya mwisho. Usipoona umri, piga simu ofisi ya udahili uulize. Tangazo la ufadhili lisome kando.

Hesabu ngumu iko kwingine. Uzamivu huchukua angalau miaka 3, na anayesahihisha mitihani mchana, akaandika tasnifu usiku, huchukua zaidi. Watumishi wengi wa umma Kenya hustaafu wakiwa na miaka 60. Anayeanza na 56 huenda akamalizia karo kwa pensheni. Binafsi, ningeuliza kwanza kuhusu msimamizi: akipewa sura ya tasnifu aisome, huirudisha baada ya wiki ngapi?