Mafuta ya maganda ya korosho yanaua choa kweli, ila ngoja kwanza

Msimu wa korosho ukianza huku kwetu Mtwara, kuanzia Oktoba hivi, napata watu wa aina mbili. Kuna aliyeungua mikono wakati wa kubangua, na kuna aliyeungua kwa kutaka mwenyewe, yaani kachukua yale yale mafuta ya maganda akapaka kwenye choa. Juzi kaja bibi mmoja wa njia ya Tandahimba na mjukuu wake ana mapunye, kichwa kimepakwa siku mbili kimejaa malengelenge, bibi ananiuliza "mwanangu, mbona sisi tulipona?" Na siwezi kumwambia anadanganya, mafuta yale fangasi yanamuua kweli. Hata maji ya betri yanaua.

Kinachochoma mle ni asidi ya anakadiki na kadoli. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, ndo maana hata utomvu wa embe bichi unababua midomo ya watoto.

Sasa mimi kazi yangu ni kupima hizi dawa za miti, na watu wanadhani unamwagia tu dawa kwenye fangasi unaangalia kama wamekufa. Kwanza fangasi mwenyewe umpate. Unakwangua pembeni ya choa panapowaka, sio katikati maana katikati pameshaanza kupoa, unaotesha kwenye agari ya Sabouraud, ile jeli ya chakula cha fangasi kwenye sahani, iliyotiwa kloramfenikoli na sikloheksimaidi ili bakteria na kuvu za hewani zisiwahi kujaa sahani, alafu unasubiri. Trikofitoni, fangasi mwenyewe wa choa, anachukua wiki mbili, akijisikia hata nne. Kandida, fangasi wa aina nyingine asiyeleta choa, siku mbili tu kashaota, ndo maana wengi wanapima Kandida alafu wanaandika wamepata dawa ya choa, hapo huwa nacheka peke yangu.

Kuna njia ya vidiski, vikaratasi vya milimita 6 unavilowesha dawa unaviweka kwenye sahani, fangasi akikimbia panabaki duara tupu. Duara hilo limenitia aibu. Mwaka wa kwanza nilikamua mwarobaini kwa ethanoli, duara zikatoka safi kabisa nikaanza kutangazia watu, kumbe kidiski cha ethanoli tupu, kisicho na mwarobaini hata chembe, nacho kina duara lile lile! Siku ile kulikuwa na unyevu, vidiski sikuvikausha vizuri, kwahiyo aliyeua ni spiriti. Wiki tatu zikaenda hivo.

Na mafuta ya korosho yanadanganya kinyume chake. Agari sehemu kubwa ni maji, mafuta hayatembei mle, kwahiyo duara linatoka dogo utasema dawa dhaifu wakati ni kali balaa. Dawa ya hivo napima kwenye mirija, nusu, robo, moja ya nane, naendelea kupunguza mpaka nipate kiasi cha mwisho kinachomzuia fangasi asiote, na pembeni naweka mrija wa terbinafini, dawa ya fangasi ya hospitali, ya kulinganishia. Terbinafini inamzuia Trikofitoni chini ya mikrogramu 1 kwa mililita. Dawa nyingi za miti ninazopima zinaanzia mamia ya mikrogramu, na kwa mafuta haya swali lingine ni je kwa kiasi hicho ngozi inabaki? Ukiona ngozi imeungua kabla fangasi hajafa basi hiyo si dawa ya kupaka.

Alafu mapunye ni kesi nyingine kabisa, fangasi kaingia ndani ya unywele wenyewe, ukipaka juu unamkosa, ndo maana mtoto anapewa vidonge vya griseofulvini wiki 6 mpaka 8. Bibi nilimweleza, akaguna, ila hospitali walienda. Kaniachia chupa yake ya mafuta, "ipime hiyo basi". Nimeshaipunguza mara kumi iko kwenye mirija, na Trikofitoni wangu ndo kwanza anaanza kuota.