Kwa nini ng'ombe hukonda huku mabua ya mtama yamejaa shambani

Mtama na uwele vikishavunwa Bahi, Chamwino na Kongwa mkoani Dodoma, ng'ombe huingizwa mashambani kula mabua. Kiangazi kikikolea wanakonda, ingawa mabua bado yapo. Wafugaji hutuuliza sababu, na jibu limo kwenye ukuta wa seli ya mmea.

Ukuta huo umejengwa hasa kwa selulosi, ambayo mkemia Mfaransa Anselme Payen aliitambua mwaka 1838. Selulosi ni mnyororo wa glukosi, sukari ile ile inayojenga wanga wa ugali. Katika wanga, glukosi zote zimekaa upande mmoja, hivyo mnyororo hujisokota na vimeng'enya vya tumboni huukata bila shida. Katika selulosi, kila glukosi imepinduliwa kinyume cha jirani yake. Badiliko hilo dogo hunyoosha mnyororo wote. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba, haidrojeni ya mmoja ikivutwa na oksijeni ya mwingine. Mvuto mmoja ni dhaifu, lakini mnyororo una maelfu ya glukosi, na mivuto yote kwa pamoja hushika kwelikweli. Inakadiriwa minyororo 18 hivi huungana kuwa uzi mwembamba wa nanomita 3 hadi 4; nanomita milioni moja ndizo zinazofanya milimita moja. Ndiyo maana pamba, ambayo karibu yote ni selulosi, huloa bila kuyeyuka.

Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kukata selulosi. Vijidudu vya tumbo lake la kwanza ndivyo vinavyoikata, navyo vinahitaji naitrojeni, ambayo mabua makavu yanayo kidogo mno. Tena mmea ukikomaa, lignini, kitu kigumu kinachoipa miti ugumu wake, huganda kuzizunguka nyuzi hizo na kuwazuia wakataji wasizifikie.

Inaniuma kuona mabua yakichomwa moto, maana yanaweza kulainishwa. Yeyusha kilo 4 za urea, ile mbolea ya naitrojeni, katika lita 50 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, shindilia, kisha funika kwa plastiki isiyopitisha hewa kwa wiki tatu. Urea hutoa amonia, gesi yenye harufu kali, ambayo hulegeza vifungo vya lignini na kuivimbisha selulosi. Naitrojeni inayobaki huwalisha vijidudu. Ukifunua, acha harufu kali itoke kwanza, na mzoeshe mnyama kidogo kidogo.

Ndama wa chini ya miezi 6 wasipewe. Ndoo yenye maji ya urea isiachwe mahali mifugo inapoweza kuifikia, kwa sababu wakiyanywa huweza kufa upesi.