Je, wajua? Kuna rangi inayosingiziwa shimizi la binti mfalme

Kwenye vitabu vya ndege vya Kiingereza kuna neno "isabelline", ni rangi flani hivi imepauka, sio njano sio kahawia, kama kanzu nyeupe iliyokula vumbi la barabarani siku nzima. Sasa huyo Isabella ni nani mpaka apewe rangi, tena yenyewe ya uchafu uchafu?

Stori inayopigwa sana ni hii: 1601 jeshi la Hispania lilizingira mji wa Ostend, Ubelgiji ya leo, na Isabella binti wa mfalme Philip II ndo alikuwa anatawala maeneo yale na mumewe Albert, basi eti akaweka nadhiri havui shimizi mpaka mji uanguke. Mji ukaja kuanguka Septemba 1604! Miaka mitatu na ushee shimizi liko mwilini, pata picha hiyo rangi (harufu tuiache).

Tamu, ila haiwezekani. Nguo za Malkia Elizabeth I wa Uingereza ziliorodheshwa 1600 na humo kuna gauni la satini la rangi ya Isabella, yani mwaka mzima kabla Ostend haijaguswa. Wengine wakaona isiwe tabu, wakamtwisha stori hiyohiyo Isabella wa Castile, malkia wa zamani wa Hispania, yule aliyeuzingira mji wa Granada mpaka ukaanguka 1492. Hapo tarehe zinakubali, lakini jamani, fundi gani angemshonea malkia satini halafu aiite jina la nguo chafu? Wapo pia wanaolivuta neno hadi Kiitaliano, zibellino, kamnyama ka manyoya ya bei mbaya. Mi naona hiyo angalau inaendana na nguo za kifalme, japo ushahidi wake mwembamba.

Wataalamu wa wanyama wao wakalipenda, wakalibandika hadi kwa dubu wa Himalaya, na 1829 Mholanzi Temminck akampa kandege kamoja jina la isabellina, leo kwa kitaalamu kanaitwa Oenanthe isabellina. Haka kanazaliana kuanzia Uturuki hadi Mongolia, baridi ikianza huko kanashuka mpaka nyanda kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Utakakuta kamesimama wima juu ya kichuguu kanatikisa mkia, dume na jike rangi moja, karibu sawa na udongo kabisa, ila kakiruka tu kiuno cheupe na mkia mweusi vinakauza.